Sindano ya kwanza si muuaji wa mgonjwa wa uti wa mgongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nimjibu msomaji mwenzangu wa huku kusini ambaye, katika toleo lililopita, alilalamika kwamba ndugu yake aliyelazwa kwa homa ya uti wa mgongo alizidiwa saa chache tu baada ya kuchomwa sindano ya kwanza, na akahitimisha kuwa hospitali zinawaanzishia wagonjwa dawa nzito kupita uwezo wa miili yao. Alichokiona sina sababu ya kukitilia shaka. Ninachokipinga ni ushauri aliouambatanisha, kwamba mgonjwa wa namna hiyo aanzishiwe kwanza vidonge nyumbani ili mwili uizoee dawa, ndipo apelekwe hospitali. Mimi ni mfamasia mstaafu, sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa mkoani Mtwara, na ninaandika kwa sababu ushauri huo ukifuatwa Tandahimba, Newala au Liwale, ambako safari ya kufika hospitali kubwa si fupi, utaua watu ambao sindano ingewaokoa.

Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria hushambulia tando zinazofunika ubongo na uti wa mgongo, pamoja na maji yaliyomo baina ya tando hizo. Bakteria wanaohusika zaidi ni nyumokoki, ambao ndio pia huleta nimonia, meningokoki, ambao huleta milipuko mikubwa katika nchi za Saheli, na wale wanaofupishwa kwa jina la Hib, ambao walikuwa tishio kubwa kwa watoto wadogo kabla ya chanjo. Ndani ya maji hayo kinga ya mwili ni hafifu mno ikilinganishwa na ile iliyomo kwenye damu. Kwa hiyo dawa inayowadumaza tu bakteria, ikiuachia mwili kazi ya kuwamaliza, mara nyingi haitoshi; inatakiwa dawa inayowaua yenyewe, na inayoweza kupenya hadi kwenye maji hayo. Ndiyo maana penisilini kwa miaka mingi, na sasa seftriaksoni, zimekuwa tegemeo.

Sasa tuangalie dawa hizi huua vipi, maana hapo ndipo lilipo jibu la alichokiona msomaji mwenzangu. Penisilini na seftriaksoni ni za jamii moja, na zote humzuia bakteria kujenga ukuta unaomzunguka. Bakteria anayeendelea kukua bila ya kuweza kuujenga ukuta wake hatimaye hupasuka, na akipasuka humwaga vilivyomo. Kwa nyumokoki hutoka vipande vya ukuta, asidi za teikoiki zilizokuwa zimeshikamana nao, na protini iitwayo nyumolisini ambayo hutoboa matundu kwenye seli za mtu. Kwa meningokoki, Hib na E. coli, bakteria wa utumbo, hutoka endotoksini, ambayo ni sehemu ya ngozi ya nje ya bakteria hao. Yeyote aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua kwamba mafuta yanayounguza vidole hayaonekani ganda likiwa zima, bali huruka pale linapopasuliwa. Na hali ya bakteria hawa haiko mbali na hiyo.

Kuna jambo moja hapa ambalo kila nikilifikiria hunistaajabisha. Mwaka 1970, Alexander Tomasz na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba penisilini peke yake haimpasui nyumokoki. Kinachompasua ni kimeng'enya chake mwenyewe, ambacho kwa kawaida hukitumia kwa kiasi kidogo kulegeza ukuta wakati wa kugawanyika. Dawa inapouvuruga ujenzi, kimeng'enya hicho hukosa wa kukizuia na bakteria hujibomoa. Nyumokoki waliokosa kimeng'enya hicho waliacha kukua walipowekewa penisilini, lakini hawakupasuka. Kwa maneno mengine, kuzuiwa kukua ni jambo moja na kupasuka ni jambo jingine, na kutoka hapo ndipo lilipozaliwa swali la kama inawezekana kumuua bakteria bila ya kumpasua.

Sumu hizo zikishamwagika, mwili huzitambua haraka na kujibu kwa nguvu. Seli nyeupe humiminika, kemikali za uvimbe hutolewa, mishipa midogo ya damu ya ubongo huanza kuvuja, na ubongo huvimba ndani ya fuvu ambalo halitanuki. Mgonjwa aliyekuwa analalamika kichwa tu anaweza kuanza kutapika, kuchanganyikiwa au kushikwa na degedege. Baadhi ya seli za ubongo hufa, hasa katika sehemu inayohusika na kumbukumbu, na sikio la ndani huweza kuharibika kabisa, ndiyo sababu baadhi ya watoto wanaopona ugonjwa huu hubaki viziwi. Yote haya huweza kutokea hata bila ya dawa, kwa kuwa bakteria hufa na kupasuka wenyewe pia wanapojaa, lakini dozi ya kwanza ya dawa ya kupasua huwaangusha wengi kwa mkupuo, na sumu ya saa nyingi hutoka katika muda mfupi.

Jambo hili si la homa ya uti wa mgongo peke yake. Wauguzi wa zamani waliofanya kazi kanda ya kati wanaikumbuka homa ya papasi, ambayo mgonjwa wake, saa chache baada ya kuchomwa penisilini, hutetemeka kitanda kikalia, joto likapanda na shinikizo la damu likashuka, kisha akapata nafuu. Hakuna aliyesema penisilini iachwe. Walichofanya ni kumkalisha mgonjwa karibu na kumwangalia usiku ule.

Je, uchaguzi wa dawa unaweza kupunguza sumu hiyo? Kwa wanyama wa maabara, ndiyo, na ushahidi ni mwingi kiasi. Mwaka 1987 watafiti waliwaambukiza sungura E. coli kwenye maji ya uti wa mgongo, wakawatibu baadhi kwa sefotaksimu, ambayo ni ndugu wa karibu wa seftriaksoni, na wengine kwa klorafenikoli, ambayo haigusi ukuta bali huzuia utengenezaji wa protini. Endotoksini na uvimbe wa ubongo viliongezeka kwa waliopewa sefotaksimu kuliko kwa waliopewa klorafenikoli. Baadaye Roland Nau na wenzake huko Göttingen, Ujerumani, walifanya kazi ya miaka mingi kuhusu rifampisini, dawa tunayoifahamu sote kwa ajili ya kifua kikuu. Rifampisini humzuia bakteria kusoma maelekezo ya kutengeneza protini zake; bakteria hufa akiwa mzima zaidi, na nyumolisini mpya haitengenezwi. Mwaka 1999 waliripoti kwamba panya wenye homa ya uti wa mgongo ya nyumokoki waliotibiwa kwa rifampisini walikufa wachache zaidi katika saa za mwanzo kuliko waliotibiwa kwa seftriaksoni. Mwaka 2003 wakaripoti kwamba sungura waliotanguliziwa rifampisini, kisha wakapewa seftriaksoni, walikuwa na sumu kidogo zaidi kwenye maji ya uti wa mgongo na seli chache zaidi za ubongo zilizokufa. Watafiti wa Uswisi nao wamepata matokeo ya kutia moyo kwa daptomisini, ambayo huua haraka sana bila ya kupasua.

Hata ndani ya jamii moja ya dawa tofauti zipo. Baadhi ya sefalosporini, yaani kundi la seftriaksoni na sefotaksimu, zikitolewa kwa dozi ndogo, humfanya bakteria arefuke kama uzi akiendelea kujijaza endotoksini kabla ya kupasuka, wakati dawa kama imipenemu humfanya awe duara na kupasuka mapema akiwa na sumu kidogo. Hili la dozi ndogo nitalirudia, kwa sababu linagusa moja kwa moja ushauri wa kuanza na vidonge nyumbani.

Msomaji atauliza kwa nini basi tusiwape wagonjwa wote rifampisini. Sababu ya kwanza ni kwamba bakteria hujifunza kuihimili rifampisini upesi mno inapotumiwa peke yake, na nchi yetu inaitegemea dawa hiyo katika matibabu ya kifua kikuu. Kuipoteza kungekuwa balaa kubwa kuliko hili tunalolijadili. Sababu ya pili ni kwamba sungura na panya si watu. Mgonjwa wetu hafiki hospitali saa ileile anayoambukizwa, bali huja baada ya siku kadhaa, mara nyingi baada ya kutibiwa malaria, akiwa na uvimbe ambao tayari umeshaanza. Mwaka 2003, wakati wa mlipuko wa meningokoki nchini Niger, dozi moja ya seftriaksoni ililinganishwa na dozi moja ya klorafenikoli ya mafuta, yaani dawa inayopasua dhidi ya dawa isiyopasua, na matokeo kwa wagonjwa hayakutofautiana kwa kiasi cha kuonekana. Huo si uthibitisho kwamba sumu haina maana, kwa sababu meningokoki hutibika kwa urahisi kuliko nyumokoki, lakini unatuonya tusiyahamishe mambo ya maabara wodini kwa pupa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Aprili 2025, bado linaweka seftriaksoni au sefotaksimu kuwa dawa ya kuanzia. Nami naona ni sahihi.

Kinachoweza kufanyika leo, na kinachopatikana kwa bei ndogo, ni kuutuliza mwili kabla sumu haijamwagika. Deksamethasoni ni dawa ya siku nyingi ya kupunguza uvimbe, na siri yake katika ugonjwa huu ni wakati: itolewe muda mfupi kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki au pamoja nayo. Mwaka 1988 madaktari wa Dallas, Marekani, waliripoti kwamba watoto waliopewa dawa hiyo walipata uziwi kwa nadra zaidi. Mwaka 2002 utafiti wa Ulaya ulioongozwa kutoka Uholanzi, uliohusisha watu wazima 301, ulionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 15 hadi 7. Hizo ni habari njema, na ningependa kuishia hapo, lakini haki inanitaka nitaje majirani zetu wa Malawi. Huko Blantyre, utafiti wa watoto uliochapishwa mwaka 2002 na mwingine wa watu wazima uliochapishwa mwaka 2007 haukuona faida yoyote ya deksamethasoni. Wagonjwa wengi wa Malawi walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, na wengi walifika wakiwa wamechelewa na hali zao zikiwa mbaya tayari. Mtwara na Lindi kwa ramani ziko karibu zaidi na Blantyre kuliko Amsterdam, na kwa namna wagonjwa wetu wanavyochelewa nadhani vilevile. Mwongozo wa 2025 unapendekeza dawa hiyo ianze pamoja na dozi ya kwanza ya antibiotiki pasipo na mlipuko na pale ambapo maji ya uti wa mgongo yanaweza kupimwa, na mimi ninaukubali, kwa sharti kwamba tusimdanganye mtu kuwa chupa moja ya deksamethasoni inafidia siku tatu za kukaa nyumbani.

Hapo nafika kwenye jambo zito zaidi, ambalo ni imani. Katika pwani yetu yote watu wengi wamelelewa wakiambiwa kwamba mtoto mwenye degedege hachomwi sindano, kwamba akichomwa atakufa. Wataalamu wa afya wamezoea kuicheka imani hii, na mimi sioni la kuchekesha. Nakumbuka nikiwa zamu katika wodi ya watoto ya hospitali moja, nimepeleka dawa, nikamkuta bibi mmoja amemkumbatia mjukuu wake wa kiume ambaye utosi ulikuwa umevimba na shingo imekaza, anamwambia muuguzi kwa heshima zote: "Mwanangu, nakuomba usimchome. Ndugu yake tulimleta hapahapa, akachomwa, jua halijatua akafa." Muuguzi alikuwa na wagonjwa wengine wa kuwahudumia, akasema tu kwamba hizo ni imani za kizamani, akachukua mkono wa mtoto. Mtoto yule alichomwa, na usiku degedege likamrudia kwa nguvu. Alipona, lakini bibi aliondoka akiwa na uthibitisho wa pili wa alichokuwa anakiamini, kwa sababu hakuna aliyemweleza mapema kwamba usiku ule ungekuwa mgumu na kwa nini.

Yule bibi hakuwa mjinga. Aliona jambo la kweli, la mtoto kuzidiwa baada ya sindano, akalitafutia sababu kwa kile alichonacho. Nasi tulikuwa na maelezo na hatukuyatoa. Kumwambia ndugu wa mgonjwa, kabla ya sindano na si baada, kwamba dawa hii inawaua wadudu, kwamba wakifa wanaacha sumu, kwamba anaweza kuonekana amezidiwa kidogo leo na ndiyo maana tunampa dawa nyingine ya kutuliza uvimbe na tutamwangalia usiku kucha, ni kazi ya dakika mbili. Ndugu aliyeelezwa hamtoroshi mgonjwa wodini alfajiri kwenda kwa mganga. Vivyo hivyo kwa kipimo cha kutoa maji mgongoni, ambacho wengi hukikataa kwa kusikia kwamba kinapoozesha: sindano hiyo huingizwa chini ya mahali ambapo uti wenyewe umekomea, na bila ya maji hayo daktari anabaki kubahatisha kama ni bakteria, kifua kikuu, fangasi au malaria ya kichwani.

Sasa kuhusu vidonge vya kuanzia nyumbani. Anayeingia duka la dawa muhimu na kuomba "dawa kali ya homa ya kichwa" hupewa mara nyingi kapsuli za rangi mbili, akanunua sita kwa sababu hela inatosha sita. Kiasi kinachofika kwenye maji ya uti wa mgongo kutoka kwenye kapsuli hizo ni kidogo mno. Hakitoshi kuwamaliza bakteria, ila chaweza kutosha kuwaficha, hivyo kwamba mgonjwa akifika hospitali na maji yakatolewa, maabara hushindwa kuwaotesha na daktari hajui anapigana na nani. Na kama nilivyogusia juu, dozi pungufu haimaanishi sumu pungufu. Wapo bakteria ambao kwa dozi ndogo hurefuka na kujijaza sumu zaidi kabla ya kufa. Mwili hauizoei dawa kwa njia hiyo. Wanaoizoea ni bakteria. Muuza duka anayemwona mtu mwenye homa kali, kichwa kinachopasua na shingo isiyokunjika hana cha kumuuzia, amwelekeze kituo cha afya saa hiyohiyo.

Chanjo nazitaja kwa kifupi, maana hazina mjadala. Tangu mwaka 2009 chanjo ya Hib imo ndani ya ile ya penta, na ya nyumokoki iliingia mwishoni mwa mwaka 2012 na kuanza kutolewa kote mwaka 2013. Zote hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama anayeruka kliniki ya wiki ya 14 kwa sababu ni msimu wa korosho anaacha nafasi ambayo hakuna dawa iliyotajwa katika barua hii inayoweza kuiziba vizuri.

Mwisho, ombi langu kwa waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya. Utaratibu unataka mtoto mwenye dalili za hatari apewe dozi ya kwanza ya antibiotiki kabla ya kupewa rufaa, na utaratibu huo usivunjwe kwa sababu ya kuogopa sumu wala kwa sababu deksamethasoni haipo kituoni; kila saa ya kuchelewesha antibiotiki inamgharimu mgonjwa kuliko sumu yoyote. Lakini barua za rufaa nilizozipokea katika utumishi wangu ziliandikwa mara nyingi "amepewa sindano", basi. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2016 unaruhusu deksamethasoni ianzishwe hadi saa 4 baada ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, na gari likitoka Newala au Tandahimba bila ya kuharibikiwa, mgonjwa anaweza kufika Mtwara mjini ndani ya muda huo. Daktari anayempokea hawezi kulijua hilo kama barua haikuandikwa jina la dawa, kiasi kilichotolewa, na saa sindano ilipochomwa.

Wako,
Mfamasia mstaafu,
Mikindani, Mtwara